Mwaka Mume Wangu Alipofaulu Mkojo

Mimi nilipata kumi na nne. Mume wangu alipata mia moja tisini na mbili. Wiki ile nyumba yangu haikukalika.

Alikuwa anazunguka uani na kadi yake mkononi kama mtoto aliyechaguliwa kwenda sekondari. Akimkuta jirani anatwanga, anasimama. Akipita mtu njiani, anamsalimia mara mbili mbili mpaka aulizwe habari za nyumbani.

"Nzuri sana. Nimepata mia moja tisini na mbili. Mama watoto yuko ndani, yeye kapata kumi na nne. Msimcheke jamani."

Ngoja nieleze ulikuwa mtihani gani, maana wajukuu zangu nikiwasimulia wanadhani nimechanganyikiwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mpanda bado tuko chini ya mkoa wa Rukwa, Katavi ni jina la mbuga tu. Mimi na mume wangu wote wawili tulikuwa na sukari. Ilimwanzia yeye, miaka miwili mbele ikanifuata mimi, na watu wa mtaani wakasema tumeambukizana. Niliwajibu sukari siyo upele. Ila kwa mume wangu sikuweza kuwazuia kucheka, kwa sababu kazi yake ilikuwa kurina asali. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa pori la Ugalla, mizinga yake iko huko, na meno yake yaliishia huko huko kwenye masega. Mrina asali kupata ugonjwa wa sukari! Mpanda nzima ilisema amelamba sana vidole. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa hauji hivyo, lakini nani atamsikiliza daktari wakati mzaha wenyewe ni mtamu namna ile.

Kliniki ya sukari ilikuwa kila Alhamisi. Tunafika asubuhi bila kula, tunakaa kwenye benchi na njaa zetu, tunasikilizana matumbo yanavyonguruma. Nesi wetu alikuwa binti wa Kifipa kutoka Sumbawanga, mdogo, mweusi, mwenye mdomo. Kwa umri alikuwa mjukuu wetu kabisa, kwa hiyo alijipa haki za mjukuu. Mzee wangu huyo binti alimwita "mume wangu" na mimi aliniita "mke mwenza." Mimi nilimwita "mwizi."

"Mke mwenza, umemlisha nini mume wetu? Mbona sukari iko juu?"

"Muulize mwenyewe, mwizi wewe. Siku akiwa kwako umlishe unavyotaka."

Basi Alhamisi moja tukakuta wageni. Madaktari wamekuja na treni kutoka huko Dar es Salaam, wana masanduku. Mkubwa wao alikuwa bwana mrefu mwenye miwani, mpole sana, sauti ya chini kama anaongea na mgonjwa aliyelala. Akasimama mbele yetu akasema wanaanza utafiti wa muda mrefu. Wanatafuta viashiria vya kibaiolojia vinavyotabiri madhara ya kisukari ya baadaye.

Benchi zima tukatazamana. Kisha mzee mmoja nyuma akauliza, "Vinauma?"

Nesi akaona aibu kwa niaba yetu, akaingilia. Akasema, "Wazee wangu, daktari anamaanisha alama. Kila mtu mwenye sukari ana alama zake kwenye damu na kwenye mkojo. Watakupima mwaka huu, mwakani, mwaka wa tatu, miaka mingi. Kila mtu atapewa kadi yenye alama zake."

Hapo tulielewa. Alama tunazijua. Wengi wetu pale tulipita kisomo cha watu wazima, enzi zile tunakaa chini na vibao mapajani, tunaandika "baba analima." Kisomoni kulikuwa na mtihani, na mtihani una alama, na mwenye nyingi ndiye anapigiwa makofi. Hakuna alama nyingine tuliyoijua inayoandikwa kwenye kadi. Kwa hiyo neno hilo moja la nesi, alilolisema kwa nia njema kabisa, lilikaa vichwani mwetu vibaya, na hakuna aliyejua kama limekaa vibaya.

Mume wangu akanyoosha mkono wa kwanza. Mimi wa pili, kwa sababu sikumwamini akiwa peke yake.

Walitupima kila kitu. Walituwekea dawa machoni, dunia ikawa maziwa matupu, wakatumulika ndani kama wanatafuta kitu kilichopotea. Walitupima miguu kwa kijiuzi kama mshipi wa kuvulia samaki. Unafumba macho, wanakigusisha kwenye unyayo, ukisikia unasema ndiyo. Mume wangu alisema ndiyo wakati nesi bado anatafuta kijiuzi chenyewe.

"Mume wangu, sijakugusa."

"Nimesikia unakuja."

Halafu ikaja habari ya dumu. Kila mmoja alipewa dumu la lita tano, akaambiwa akusanye mkojo wote wa siku nzima, usiku na mchana, asimwage hata tone. Mimi nilikusanya kwa uaminifu, nikaliweka dumu kivulini nyuma ya nyumba na kulifunika kwa kanga iliyochoka. Mume wangu hakuwa mtu wa kukaa nyumbani siku nzima kwa ajili ya mkojo. Alilifunga dumu lake nyuma ya baiskeli na kwenda nalo sokoni, akihitaji anaingia vichakani na dumu, anatoka na dumu.

Sasa fikiria. Mji mzima unamjua kuwa ni mtu wa asali. Anapita sokoni na dumu la lita tano, ndani kuna kitu cha manjano kinachotikisika. Mama mmoja muuza dagaa akamkimbilia.

"Babu, hiyo ni ya Ugalla? Nionjeshe kidogo kwanza."

"Hapana mama, hii imeshaagizwa na serikali."

"Yote?"

"Yote. Hata tone hawataki lipungue."

Yule mama alinung'unika mpaka maneno yake yakanifikia nyumbani: serikali inajua kula vizuri.

Damu na mikojo yetu walivipakia kwenye boksi la barafu, vikapanda treni ya Tabora. Damu yangu imefika Dar es Salaam. Mimi mwenyewe mpaka leo sijafika.

Ilipita miezi, tukasahau. Ndipo bahasha ikarudi na kadi zikagawiwa. Nesi alitukabidhi kadi zetu akasema, "Msiende kufasiriana njiani. Alhamisi ijayo kila mtu aje, daktari atamweleza yake." Mume wangu hakusubiri hata tufike kwenye geti. Alitafuta mstari ulioandikwa alama ya mkojo, akaisoma yake, akainyakua na yangu.

"Kumi na nne," akasema taratibu. "Mama watoto, ulikuwa umelala?"

Nikamnyang'anya kadi yangu. Kisomoni pia alinipita, na miaka yote ile alikuwa hajaacha kunikumbusha. Mimi ni mtu ninayejisikia, sifichi. Nimezaa saba, nimelea saba, mpunga wangu wa Kabungu hauna mawe, na sijawahi kukubali kuwa wa mwisho kwenye kitu ninachoweza kukifanya. Lakini mkojo? Nitaujitahidia vipi mkojo?

Nilimuuliza. Naona haya kusema, lakini nilimuuliza jioni ile alifanyaje. Akakaa vizuri kwenye kiti chake, akanipa mafunzo.

"Kwanza chumvi. Wewe unapika chakula kimepooza. Mimi naongeza ya kwangu pembeni. Pili, zile dawa zangu za mgongo, mimi nameza kila siku, hazinipiti. Mwili unataka nguvu."

Ni kweli alikuwa anameza vidonge vya maumivu kama njugu, kwa ajili ya mgongo wa kubeba mizinga. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nilikula siku tatu dagaa wa chumvi kutoka ziwani, wakali hata mate yanakauka, nikitafuta alama.

Alhamisi ilipokaribia nikamwambia tujiandae kwenda kwa daktari. Akanicheka.

"Mwalimu anamwita nani baada ya mtihani? Anamwita aliyefeli. Nenda ukasemwe. Mimi naenda Ugalla, asali inanisubiri."

Akafunga unga wake, akapanda treni. Kambi ya asali mtu anakaa mwezi, hata miezi miwili.

Nilikwenda peke yangu. Nilikaa mbele ya nesi na kumpa kadi huku nimeinamisha kichwa.

"Mwizi, usinicheke. Nimefeli. Nataka nirudie mtihani."

"Umefeli nini, mke mwenza?"

"Mkojo."

Aliisoma kadi. Kisha akacheka. Alicheka mpaka kofia yake ikaanguka, mpaka daktari wa miwani akatoka chumbani kuona kuna nini. Nesi alimweleza, na yule bwana mpole naye akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Mimi nikakaa kama jiwe.

"Mke mwenza," nesi akasema, anafuta macho, "kumi na nne ni nzuri. Kumi na nne ni nzuri sana! Hapa mwenye ndogo ndiye mshindi. Umewashinda karibu wote kwenye benchi."

Nyie, nilikaa wima. Nilihisi nimekuwa mrefu kama nguzo ya simu. Kitu cha kwanza nilichokiwaza ni njia ya kurudi nyumbani, jirani gani nianze naye.

"Na yeye mume wetu?" nesi akauliza, bado anacheka. "Kadi yake sijaiona. Yeye kapata ngapi?"

"Yeye?" Nikaona raha imenijaa. "Yeye kafeli vibaya huyo! Mia moja tisini na mbili!"

Hakucheka. Alimwangalia daktari, na daktari akaacha mlango, akaja akavuta stuli, akakaa karibu nami. Aliniuliza yuko wapi. Nikasema Ugalla. Akauliza anakula dawa gani. Nikamtajia zile za mgongo, na ile chumvi ya pembeni nikaitaja. Kila nikitaja kitu, uso wake unashuka.

Hapo ndipo waliponieleza, yeye na nesi kwa zamu, mpaka nikaelewa. Figo ni chujio. Chujio zima linapitisha uchafu na kubakiza chakula cha mwili. Sukari ikikaa miaka mingi inalegeza lile chujio, vitundu vinapanuka, na chakula cha mwili kinaanza kutoka na mkojo kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho jicho halioni ila mashine inaona. Mtu hasikii chochote. Anakula, anacheka, anaendesha baiskeli. Lakini alama imeshatokea, na miaka kadhaa mbele figo zinaweza kukataa kazi, akavimba uso na miguu, na kwa wakati ule hapa kwetu akifika huko hakuna wa kumrudisha. Zile dawa za maumivu alizokuwa anameza kila siku ndizo zilikuwa zinamsukuma aende mbio.

"Lakini bado ni mapema," daktari akasema. "Hapo alipo tunaweza kumshika. Kuna vidonge vya presha vinavyosaidia hata figo. Aache zile za mgongo, apunguze chumvi. Akikaa porini miezi miwili na hizo dawa zake, sijui tutamkuta wapi."

Nikamuuliza daktari. "Kwa hiyo nyie mnatupima kila mwaka, mnaandika, mnakaa mkitungoja tuharibike?"

Yule bwana alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nilimheshimu. Akasema alama ziko nyingi kwenye damu. Hii ya mkojo wanaijua kwamba inasema kweli. Nyingine bado hawazijui. Wanaziandika leo, na baada ya miaka mingi, wakiona nani amebaki mzima na nani ameumia macho au miguu, watarudi nyuma kuangalia ni alama ipi ilikuwa imeonya mapema.

"Tunangoja msiharibike, mke mwenza," nesi akamalizia. "Nenda kamlete mume wetu."

Jirani nilimpita bila kumsimulia chochote. Treni iliyofuata ilinikuta stesheni na kikapu cha unga na kadi yangu imefungwa kwenye pindo la kanga. Niliteremka kituo cha Ugalla, nikalala kwa mke wa mfanyakazi wa reli tuliyefahamiana, na asubuhi nikafuatana na wanaume wawili waliokuwa wanapeleka magunia ya unga kambini. Njia nzima walinisihi nirudi. Wana desturi yao hao: wakati wa kurina mwanamke hafiki kambini, wanasema nyuki wanakuwa wakali. Nikawaambia nyuki wakinikuta mimi, watakaoonewa huruma ni nyuki.

Saa za mchana tukatokea kambini. Mume wangu alikuwa amekaa mbele ya kibanda anakamua masega, mikono inameremeta mpaka kwenye viwiko, wenzake wanne wamemzunguka. Nina hakika alikuwa anawasimulia habari za mia moja tisini na mbili.

Aliponiona alisimama. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuambia umefeli."

"Nimefeli nini?"

"Mkojo."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akamwaga asali. Yeye akanikodolea macho.

"Mia moja tisini na mbili nimefeli, na wewe wa kumi na nne umefaulu? Shule gani hiyo?"

"Ndiyo shule yao. Mwenye ndogo ndiye anafaulu."

"Mama watoto, wivu umekupandisha treni? Umekuja mpaka huku kuchafua nyuki wa watu kwa sababu ya wivu?"

Nikamweleza figo, nikamweleza chujio. Nilieleza vibaya, maana nilikuwa na hasira na kiu, maneno ya daktari yakatoka yamepinda. Alinisikiliza huku analamba kidole gumba. Akasema yeye hana kinachomuuma. Akasema mtu anayekwenda haja vizuri na kulala vizuri hawezi kuitwa mgonjwa wa figo na mwanamke aliyekula dagaa siku tatu kutafuta alama. Hapo wenzake walicheka tena, na nikajua nikisema neno jingine la hospitali nimempoteza.

Nikawa natazama pembeni ili nisilie. Pale kibandani palikuwa na mizinga iliyoshushwa, imelazwa. Kila mzinga una alama ya mwenyewe kwenye mfuniko wake, imechomwa kwa chuma cha moto. Huyu ana msalaba wenye mguu, huyu ana duara na mstari, mume wangu ana mistari mitatu na nukta. Pori lile ni kubwa kuliko wilaya, hakuna mlinzi wala kufuli, lakini mzinga wenye alama ya mtu hauguswi na mtu mwingine. Hata ukiukuta leo peke yake juu ya mti, unajua: mwenyewe hayupo, ila atakuja.

Nikaweka kidole kwenye mistari mitatu na nukta.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu. Unaujua."

"Nyuki wanajua kama ni wako?"

"Nyuki watajuaje?"

"Wanakula, wanajenga, wanazaa humo ndani, hawana kinachowauma."

Akaacha kulamba kidole.

"Basi ile uliyokuwa unaiimba mtaani siyo alama ya kisomo," nikamwambia. "Ni alama ya namna hii. Sukari imechoma chuma chake kwenye figo zako. Bado haijaja kurina. Wenzako wa hospitali wameiona alama, wanasema inaweza kufutwa kidogo kabla mwenyewe hajafika. Sasa kaa hapa uendelee kujenga masega."

Hakuna aliyecheka. Yule aliyemwaga asali alianza kufuta asali yake. Mume wangu aliutazama ule mzinga kwa muda, kama anautazama kwa mara ya kwanza toka upande wa ndani. Kisha akaenda mtoni, akanawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akarudi.

"Treni ya kurudi ni lini?" akauliza.

Msinidhanie kwamba alikuwa mgonjwa mtiifu. Vidonge alipewa, vidogo vyeupe, na wiki ya pili vikamletea kikohozi kikavu. Kanisani alikohoa mpaka watu wa benchi letu wakahamia kwa Walutheri, ndivyo alivyosema yeye. Kila akikohoa ananitazama mimi, kama mimi ndiye niliyevitengeneza. Nesi alimwambia ni dawa inayofanya hivyo, avumilie, na nesi akimwita "mume wangu" mara tatu kwa siku moja basi alikuwa anavumilia. Mgongo ulimuuma kweli kweli, nikawa namkanda kwa maji ya moto na kumsikiliza akinitukania ukoo mzima. Chumvi niliificha. Aliitafuta kwenye pipa la mpunga, chini ya godoro, mpaka kwenye begi langu la kanisani. Ilikuwa kwa jirani. Siku alipogundua, akaanza kuwa na mazoea ya kumtembelea jirani wakati wa chakula, na nikalazimika kuihamisha tena.

Lakini mwaka ule ule mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja, mtu wa Kabungu, mcheshi, ambaye hakurudi kuchukua maelezo ya kadi yake kwa sababu shamba lilimbana, aliletwa hospitali kwenye mkokoteni amevimba uso mpaka sikumtambua kwa macho, nilimtambua kwa sauti. Hakukaa wiki. Tulitoka msibani mume wangu akafika nyumbani, akakaa mezani, akala mboga yangu isiyo na chumvi mpaka akafuta sahani. Sikumtania, na kwangu hiyo ni kazi kubwa.

Mwaka wa pili ukafika. Kijiuzi, macho ya maziwa, dumu. Safari hii dumu lake alikaa nalo nyumbani. Miezi ikapita tena, na kadi zikaja. Hatukuzisoma njiani. Tuliingia kwa daktari wa miwani, yeye na mimi pamoja, nesi akisimama mlangoni na kujidai anapanga mafaili.

Mume wangu hakutaka kuitazama kadi. Alinisukumia. "Soma wewe, wewe ndiye mwanafunzi bora."

Nikasoma yake. Sabini na tisa.

"Umeshuka," nikamwambia.

"Sana?"

"Vibaya sana. Ungekuwa kisomoni wangekufukuza."

Akavuta pumzi, akaitoa yote. Daktari akamweleza kwamba haijaisha, chujio halirudi jipya, lakini ule uvujaji umepungua na figo zake bado zinafanya kazi. Aendelee na vidonge. Akampa sifa, na mimi akanipa sifa zaidi, hilo naliandika ili lisisahaulike. Halafu akatoa karatasi mbili na kuzilaza mezani. Akasema wanawaomba wale wa mwanzo waendelee na utafiti. Wanataka kutufuata kwa miaka mitano mingine, kila mwaka kama tulivyofanya. Anayekubali aweke sahihi, asiyetaka aseme, dawa atapata vile vile.

Mume wangu aliivuta karatasi karibu. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo inacheza. Kidole kilipofika mahali fulani kikasimama.

"Miaka mitano," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nyie mnakuja mpaka huku, na masanduku, kila mwaka, miaka mitano, kunipima mimi?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mnategemea nitakuwepo."

Daktari alivua miwani. "Tunategemea, mzee. Tumekupangia na nafasi."

Nesi mlangoni aliacha mafaili. Mimi nilijishughulisha na pindo la kanga yangu, lilikuwa na uzi unaotoka.

Mume wangu aliomba kalamu. Aliandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, polepole, bila kuruka herufi, likapita mstari waliomchorea na kuingia kwenye nafasi ya shahidi. Kisha akanisukumia kalamu.

"Na huyu mwandikeni," akamwambia daktari. "Miaka mitano bila chumvi siwezi kuteseka peke yangu."